Logi Iwashwe Wapi, Izimwe Wapi

REHEMA: Leo salamu fupi, maana swali ni refu. Msikilizaji wetu anapiga video za harusi hapa Dar kwa Sony A7 III. Kaambiwa awashe S-Log3, yaani logi ya Sony, namna ya kurekodi picha iliyobanwa mwanga, kazi yake ifanane na sinema. Kaiwasha ukumbini, usiku. Picha imetoka imepauka kama uji, na akikoleza rangi inajaa chenga. Anauliza, kamera imekufa?

SAIDI: Kamera nzima kabisa. Huyo aliyemshauri ndiye nina wasiwasi naye.

REHEMA: (anacheka) Mweleze basi, kaka, huko kupauka kunatoka wapi.

SAIDI: Mahali penye jua na kivuli pana mwanga mpana kuliko unavyoweza kukaa kwenye picha ya kawaida. Logi inaubana. Palipo na mwanga mkali panashushwa, gizani panapandishwa, vyote vinaingia kwenye faili. Jambo lenyewe limetoka kwenye filamu, Kodak walikuwa nalo kwenye mfumo wao wa Cineon mwanzoni mwa miaka ya 1990. Arri, watengenezaji wa kamera za sinema, wakatoa kamera ya Alexa mwaka 2010 na logi yao, Log C. Siku hizi hata simu, iPhone 15 Pro ya 2023 ina Apple Log. Kwa hiyo unachorekodi ni malighafi, usimwonyeshe mteja.

REHEMA: Sasa ngoja niingie mimi mhariri, maana malighafi hiyo inanifikia mezani. A7 III inarekodi biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 10 ni ngazi 1024. Kwenye hizo 1024, S-Log3 inaweka kijivu cha asilimia 18, kile cha kupimia mwanga, kwenye namba 420, na nyeupe ya asilimia 90 kwenye 598. Toa: 178. Kwa biti 8 gawa kwa nne, zinabaki kama 45. Paji la uso linalong'aa, shela, vitambaa vya meza, vyote vigawane ngazi 45! Profaili ya kawaida hapohapo ingekupa zaidi ya 100. Nikizivuta hizo 45 zijaze kioo, ukuta wa ukumbi unakatika mistari mistari.

SAIDI: Nakubali kwa ukumbini. Nje nabishana na wewe, hata kwa biti 8.

REHEMA: Haya, bisha.

SAIDI: Coco Beach, saa saba mchana. Bibi harusi kavaa nyeupe, bwana harusi suti nyeusi, nyuma yao bahari inamulika. Profaili ya kawaida ukiokoa shela, suti inakuwa shimo jeusi. Ukiokoa suti, shela limeungua, hata nakshi huzioni. Hapo logi inalipa. Ila usiende bila filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga kwenye lenzi. S-Log3 kwenye kamera hiyo haishuki chini ya ISO 800, yaani usikivu wake kwa mwanga. Kwa jua kali na shata ya sekunde 1/50, hesabu inakupeleka f/64, tundu dogo mno, na lenzi yako haina f/64. Ukitaka tundu kubwa la f/2.8 lazima ukate stopu 9, na kila stopu inapunguza mwanga nusu.

REHEMA: Usikate zote 9, kata 7. Hizo mbili niachie.

SAIDI: Enhe, wape sababu.

REHEMA: Chenga za logi zinaishi gizani, na ngozi zetu nyingi ziko chini ya kile kijivu cha asilimia 18. Ukipima sawasawa, uso wa bwana harusi unaangukia palepale penye chenga. Zidisha mwanga stopu moja na nusu hadi mbili, mimi nitaushusha na chenga zitashuka nao. Weka zebra, ile mistari ya kuonya palipozidi mwanga, kwenye 94+, ikigusa shela, rudi kidogo. Na usiuamini mwanga wa kioo cha kamera, logi ikiwa imewashwa kinadanganya.

SAIDI: Na hizi LUT, faili za kubadilisha rangi, za kununua mtandaoni?

REHEMA: Shida kubwa ni mpangilio. Mtu anatupia LUT kwanza, halafu ndiyo anashusha mwanga. LUT imeshakata shela, unashusha nini tena? Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, nodi (hatua) ya kwanza rekebisha mwanga na weupe (white balance), ya pili ibadilishe S-Log3 kwenda Rec.709, rangi za kawaida za TV, urembo baadaye. Na LUT ya V-Log, logi ya Panasonic, usiiweke kwenye picha ya Sony, hazikubanwa kwa hesabu moja.

SAIDI: Tumjibu wa ukumbini.

REHEMA: Azime logi. Taa za ukumbi ni haba na MC anazibadilisha kila wimbo, mwanga wa kuzidisha ataupata wapi? Atumie Cine4, profaili ya kamera hiyo isiyobana sana kama logi, au profaili ya kawaida kabisa, na weupe aufunge kwa namba asiuache kwenye otomatiki. Kamera ikihangaika na taa nyekundu, uso unabadilika rangi katikati ya keki, na mimi siwezi kuukimbiza.

SAIDI: Mwenye simu je? Ukumbini hotuba ya baba mzazi dakika 20...

REHEMA: ProRes, ile aina ya faili nzito za video, kwa 4K kwenye iPhone inakula karibu GB 6 kwa dakika. Mzidishie mwenyewe.

SAIDI: GB 120! Kwa hotuba ya baba mzazi?

REHEMA: Na mjomba hajasimama bado.