Akikwaruza Sauti, Msimtoe Kwaya

Kamwene. Na ninyi wa Rungwe, ndaga kwa kuja na mvua hii. Mabati yakizidi kelele nitapaza sauti, nimeshazoea kumbi zisizo na spika.

Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kufundisha kwaya za vijana. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na yule mwenzangu pale nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu. Nitarudia mpaka muache.

Mvulana wa miaka 13 au 14 anaimba na wasichana sauti ya pili. Jumapili moja sauti inamkatikia katikati ya mstari, inatoka kama jogoo mchanga anayejaribu kuwika. Wenzake wanacheka. Mwalimu anasema: "Kaa pembeni kwanza, utarudi ukishakuwa bezi." Nani kakwambia anarudi?

Mimi ninayewahubiria hapa nilifanya hivyohivyo. Ilikuwa Uyole, mwezi wa sita, baridi ile ya vijana kuimba mikono kwapani. Kijana wangu wa kuanzisha ubeti akavunjika sauti siku tatu kabla ya mashindano. Nikamtoa, nikampa kazi ya kubeba kinanda. Alikibeba wiki mbili, akikifuta vumbi kwa mkono wa shati, halafu hakuja tena. Sikumfuata.

Miaka ikapita. Siku moja napanda bodaboda Mwanjelwa, dereva anapiga mluzi. Nasikiliza: ni sauti ya nne ya wimbo ule wa mashindano. Mstari wote wa bezi, hakuna noti iliyopotea! Nikamuuliza bezi hiyo amejifunzia wapi, maana kwangu hakuwahi kuiimba. Akasema, "Mwalimu, si nilikuwa nakaa na kinanda, nyuma ya kina kaka?" Tulipofika, nauli akaikataa. Afadhali angenitukana.

Sasa, kinachotokea si ugonjwa wala utundu. Koromeo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu kutoka do ya juu hadi do ya chini. Wasichana nao hushuka, ila kidogo tu, ndiyo maana hatuwaoni. Hilo ni jambo la miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Katika muda huo kijana ana noti tano au sita za kuaminika pale katikati. Mwandikie hizohizo.

Najua mtaniambia: "Mwalimu, wimbo una sauti nne, ya tano naitoa wapi?" Itoe kichwani mwako! Solfa, hizi do-re-mi zetu, unaiandika mwenyewe kwa chaki, ubao una nafasi, ongeza mstari. Enoch Sontonga, ambaye tuni yake mnaiimba kila mnapoimba Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule kama ninyi, na mwaka 1897 aliiandika kwa solfa hiyohiyo.

Mwingine atasema mashindano ni mwezi ujao na bezi ni wawili tu. Basi ndiyo umsukume mtoto chini kabla ya wakati wake? Atabana koo, atazoea kubana, na ukimpata bezi utampata mwenye sauti ya debe.

Naona ninaonyeshwa saa. Posho nilikuwa nimeiandikia kurasa mbili. Kwa kifupi, mnapochangisha pesa za sare, kumbukeni mwalimu naye anapanda daladala kutoka Mbalizi, na soda moja haijazi tumbo. Plebeki, ile ya kuchezesha midomo wimbo uliorekodiwa ukipigwa, sianzi hata kuigusa, tutagombana.

Badala yake, wale wawili wa kidato cha pili niliokuja nao, mliojificha mlangoni, njooni mbele. Ndiyo, ninyi mnaokwaruza. Toeni mikono mifukoni. Nipeni so, ile ya chini, taratibu. Na huko nyuma atakayecheka, atakuja kuimba nao.