Kutulia na Mzigo Ulioko Kichwani

Mabibi na mabwana, walimu wangu na wanafunzi wenzangu,

Nimekuja kuzungumzia kitenzi ambacho kila mmoja wetu alikisikia kabla hajaweza kutamka jina lake mwenyewe, nacho ni tulia. Mama humwambia mtoto anayelia, mwalimu huliambia darasa, muuguzi humwambia anayeogopa sindano. Kwa sababu tunakitumia mchana kutwa, tumezoea kukifasiri kuwa ni kukaa kimya au kutosogea. Mimi nashikilia kwamba hilo ni ganda tu la neno, na kwamba kiini chake kimo katika mzigo.

Tulia ni kauli ya kutendea ya kitenzi tua. Sauti l, iliyokuwapo zamani baina ya irabu mbili, ilidondoka katika Kiswahili, lakini hurudi tunapokinyambua kitenzi, kama vile chukua inavyozaa chukulia na fungua inavyozaa fungulia. Ndugu zetu wa Malawi bado wanaitamka: katika Kichewa, kutula ni kushusha mzigo kutoka kichwani au begani, na kiongozi anapojiuzulu husemwa kwamba ameutula chini wadhifa wake.

Nawaomba mumtazame mwanamke anayerudi kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani, ngata ikiwa imelowa, shingo imekaza, jicho haligeuki kulia wala kushoto. Akifika uani huita, «Njoo unitue!» Hasemi «itue ndoo», anayetuliwa ni yeye. Mtoto hushika ukingo wa ndoo, wote wawili huishusha polepole, na mama hushusha pumzi ndefu ambayo sisi tuliolelewa katika nyua hizo tunaijua vizuri. Maji ndani ya ndoo huendelea kuyumba kwa muda, yakigonga kuta, kisha nayo hutulia. Mpangilio huo ndio ninaotaka mwondoke nao: mzigo hutua kwanza, utulivu hufuata. Hata kaulimbiu ya serikali ya Tanzania kuhusu maji, «kumtua mama ndoo kichwani», imefuata sarufi hiyo barabara, kwa kuwa imemtanguliza mama kabla ya ndoo.

Kitenzi tua kina mtoto mwingine, naye ni tuama. Maji yaliyotulia na maji yaliyotuama yanaweza kufanana machoni, ila hakuna mzaliwa wa pwani au bara atakayeyachanganya. Yaliyotulia ni ya ziwa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Yaliyotuama ni ya dimbwi, yamekosa pa kwenda, na mbu hutaga humo. Naona lugha yetu imetutendea wema mkubwa kwa kutupa maneno mawili, kwa sababu watu nao wako hivyo: yuko aliyetulia, na yuko aliyetuama huku majirani wakimsifu kuwa ni mpole.

Kwa hoja hiyohiyo nina wasiwasi na namna tunavyoitumia kauli ya kusababisha, yaani tuliza. Dawa ya kutuliza maumivu inastahili jina lake, maana humwondolea mgonjwa kitu anachokibeba. Lakini tunasema pia kutuliza ghasia, na mara nyingi kinachofanyika hapo ni kuwanyamazisha watu na kuwaacha na mizigo yao vichwani kama walivyokuja nayo. Kunyamaza na kutulia ni vitenzi viwili, na anayelijali neno hawezi kukubali kimoja kiazime heshima ya kingine. Mzazi pia ajiulize, anapomwambia mtoto «tulia», kama amekwisha kutazama kilichomlemea.

Yapo maneno jirani, nami nitayapitia kwa haraka. Pumzika limetokana na pumua, kwa hiyo linahusu pumzi iliyokatika ikarudi. Raha na starehe yametoka Kiarabu, la pili lilikuwa neno la adabu, mgeni akimwambia mwenyeji aliyetaka kuinuka, «Starehe!», kumwomba abaki alipoketi, ingawa leo vijana wengi wanalijua kwa muziki na vinywaji tu. Vijana haohao, hata hivyo, wamelitendea haki neno letu, kwani wanaposema shati limetulia wanamaanisha limemkaa mtu pahali pake, halimbani wala halimpwayi.

Nimeacha kituo kwa makusudi hadi sasa, maana ndilo tawi ninalolipenda kuliko yote. Kituo ni pahali pa kutua: wapagazi waliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji walivihesabu vituo, na sisi leo tunavihesabu ndani ya daladala. Mtu asiyetulia huambiwa hana kituo. Katika maandishi tunazo alama za vituo, ambapo msomaji hupata pa kuvuta pumzi. Na malenga wetu, wanapofika mshororo wa mwisho wa ubeti, huuita kituo ukiwa unabadilika kila ubeti, na kibwagizo ukiwa unarudiwa. Kutua ni kushusha mzigo kwa uangalifu, kubwaga ni kuutupa chini kwa kishindo, na maneno yote mawili ni ya wabeba mizigo. Sikilizeni shairi likighaniwa, mtamsikia malenga akiishusha ndoo yake mshororo kwa mshororo, na hadhira ikinyoosha mikono kumtua.