Maji Kwanza, Mafuta Baadaye: Uso wa Mwanaume kwenye Baridi ya Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi. Mwagonile. Nawashukuru viongozi wa bodaboda hapa Mwanjelwa na ndugu zetu vinyozi kwa kuniita. Mliniomba nizungumzie ngozi ya uso na mafuta ya kupaka. Nimekuja na beseni la maji, kopo la vaselini, gliserini na chupa ya mafuta ya nazi. Vyote vina kazi.

Kwanza niwaambie kilichonileta. Nina miaka 17 nyuma ya kaunta ya famasi. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye duka la dawa nililoajiriwa, alikuwa akija dereva mmoja wa daladala, kijana mtaratibu, kila baada ya wiki mbili. Kila akinyoa, anatoka vipele kidevuni na shingoni. Kuna mtu alimwelekeza tyubu fulani, nami nikawa namwuzia bila kumwuliza swali lolote. Siku nne tu vipele vilikauka, uso ukatakata, akafurahi. Ilipofika kama miezi minane alisimama mbele yangu ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, vimishipa vinaonekana mashavuni, na vipele vimezidi vile vya mwanzo. Ile tyubu ilikuwa klobetasoli, steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, iliyo miongoni mwa kali kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi. Akaniuliza, "Kaka, si wewe ulikuwa unanipa?" Ni mimi. Jibu hilo nimetembea nalo tangu siku ile, na ndiyo sababu nikiitwa kuzungumzia uso wa mwanaume huwa nakuja.

Sasa naomba kijana mmoja wa mbele. Karibu, ndugu. Nawa mikono yote miwili kwenye beseni. Mkono wa kulia ufute ukauke kabisa, uache hivyo mpaka uhisi ngozi inakaza. Wa kushoto ugusishe taulo tu, ubaki na unyevu. Wa kushoto tunaupaka vaselini sasa hivi, kiasi cha punje moja ya maharage yetu ya Njano Uyole. Wa kulia tutaupaka kiasi kilekile baada ya dakika kumi. Kaa hapo karibu yangu, tutarudi kwako.

Kila mmoja wetu ameona nyumba ya tofali za kuchoma iliyojengewa udongo. Tofali ni imara, lakini kinachozuia upepo kuingia ndani ni ule udongo wa katikati. Mvua ikiukosha mwaka hadi mwaka, tofali zinabaki zimesimama na upepo unapita. Tabaka la juu la ngozi yako limejengwa hivyohivyo. Tofali ni chembechembe zilizokwisha kufa, bapa, zimepangana. Udongo ni mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza na kuyajaza katikati yake. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke, na unabomolewa na kujengwa upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja.

Nani anakosha udongo? Wa kwanza ni sabuni. Wengi wetu tunanawa uso kwa sabuni ya mche, ileile ya kufulia. Ngozi ina asili ya uchachu kidogo, na sabuni ile ni kali upande wa pili, upande wa magadi. Inaondoa uchafu na inaondoka na mafuta ya ukuta pia. Ile hali ya uso kukaza baada ya kunawa, ambayo watu huiita usafi, ni ukuta unaolalamika. Wa pili ni maji ya moto sana, na kwa baridi ya hapa simlaumu mtu, ila uso unawe kwa maji ya uvuguvugu. Wa tatu ni wembe, maana ukipita na ndevu unapita pia na safu ya tofali za juu.

Halafu inakuja hewa yetu. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hakuna, upepo ni mkavu, na hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi, kwa hiyo inanyonya maji popote inapoyakuta, hata shavuni mwako. Ndugu anayepanda na abiria mlima Kawetire alfajiri bila kufunga kioo cha helmeti, uso wake umepigwa na upepo huo safari nzima. Ndiyo maana mnapauka. Ule weupe ni kingo za tofali zilizonyanyuka baada ya maji kutoka. Na msidhani kupauka ni kukosa mafuta. Mwanaume kwa kawaida anatoa mafuta mengi ya ngozi kuliko mwanamke, na utamkuta mtu pua inang'aa huku mashavu yamepauka kama yamepakwa unga. Kinachokosekana pale ni maji.

Ukishika hilo, kuchagua mafuta kunakuwa kazi nyepesi. Acha picha iliyo kwenye kopo, uliza: hiki kinafanya nini na maji?

Kuna vitu vinavyovuta maji na kuyashika. Gliserini ndiyo rahisi na ya bei nafuu, iko kila famasi. Lakini wengi mnaipaka tupu, kwenye ngozi kavu, kisha mnaniambia inawasha na inanata. Gliserini ikikosa maji juu yake itayavuta ya chini, kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ichanganye na maji nusu kwa nusu, au ipake uso ukiwa bado na unyevu. Mwingine wa kundi hilo ni yurea. Naona wakulima wamenyanyua vichwa. Ndiyo, kwa jina na kwa kemia ni ileile mnayowekea mahindi, na ngozi yako ina yurea yake ya asili. Ila ya kwenye mfuko wa mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, msiiguse kwa kazi hii. Krimu ya famasi yenye yurea asilimia 5 hadi 10 inafaa sana kwa mikono iliyokakamaa. Yenye nguvu zaidi ya hapo ni ya magaga ya miguuni, usoni itakuchoma.

Kuna vinavyojaza nyufa, mafuta ya mimea. Chupa hii ya nazi imeganda, mnaiona, nyeupe kama samli. Kila mwaka ukifika Juni naletewa chupa kama hii na mteja aliyekasirika akisema nimemwuzia feki. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi zetu za Juni ziko mbali chini ya hapo. Si feki. Yashike kiganjani yatayeyuka. Ila mwenye chunusi asiyapake usoni, yana tabia ya kuziba matundu ya vinyweleo. Mimi kwa uso napenda alizeti iliyosafishwa. Kule Bangladesh watoto njiti walipakwa mafuta ya alizeti hospitalini na maambukizi yakapungua, kwa sababu ukuta wa ngozi yao uliimarika. Mafuta yaliyoufaa ukuta wa mtoto njiti siwezi kuyadharau kwa sababu tu yanauzwa kwenye galoni.

Na kuna vinavyofunika maji yasitoke. Nta ya nyuki iko kundi hili, lakini mkubwa wao ni vaselini. Historia yake itawapendeza ninyi watu wa mashine. Mkemia mmoja wa Marekani, Robert Chesebrough, alifika kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania mwaka 1859, akakuta mafundi wanasumbuliwa na nta nzito inayoganda kwenye fimbo za pampu. Waliichukia, lakini wakijikata au kuungua walikuwa wanaipaka kidondani. Akaichukua, akaisafisha miaka kadhaa, na mwaka 1872 akapata hataza. Mpaka leo ni vichache sana vinavyozuia maji kutoka kwenye ngozi kama kopo hili la bei ya soda. Haina maji ndani yake, kwa hiyo haiongezi kitu. Inafunga mlango tu. Ukifunga mlango maji yameshatoka, umefungia chumba kitupu.

Kwa hiyo saa ya kupaka ina uzito kuliko jina la kopo. Nawa, gusisha taulo, na kabla ya dakika tatu hazijaisha uwe umepaka. Mwendesha boda asipake vaselini nyingi asubuhi, itakamata vumbi lote la Uyole. Asubuhi achukue losheni nyepesi yenye gliserini, vaselini aibakize usiku. Mwenye ngozi kavu sana achukue krimu, ni nzito kuliko losheni. Midomo ni vaselini, na uache kuilamba.

Dukani, geuza kopo usome nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta maji, kisha gliserini karibu na mwanzo, kisha mafuta ya kufunika, hapo una kitu. Manukato yakupe tahadhari, ndiyo yanayowasha watu wengi. Maandishi makubwa ya "kwa wanaume" mara nyingi yamebadilisha harufu na rangi ya kopo, bei ikapanda.

Kopo lisilo na orodha ya viambato lirudishe, hata kama anayekuuzia ni shemeji yako. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zinapita tu kwa njia za mkato na kuuzwa kwa kunong'ona. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa kijivujivu usiotoka. Msidhani mkorogo ni mambo ya dada zetu peke yao. Siku hizi unapakwa kwenye viti vya saluni za kiume baada ya skrabu, na mteja anaambiwa ni "mafuta ya kusafisha uso".

Vinyozi, hapa nazungumza nanyi kwa upendo. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha inaota ikiinama, inarudi kuchoma ngozi, mwili unaiona kama mwiba na unaleta kipele. Hakuna krimu itakayoshinda hilo kama mteja ananyolewa vilevile kila wiki. Mwacheni na milimita moja ya ndevu. Lainisheni kwanza kwa maji ya uvuguvugu, mfuate uelekeo wa ndevu, msivute ngozi. Na ile spiriti mnayompiga nayo mteja shavuni ni ya kusafishia mashine. Uso uliotoka kunyolewa hauna ukuta, na ninyi mnaumwagia kitu kinachokausha. Maji ya baridi, kisha mafuta yasiyo na manukato, inatosha.

Jua nitalisema kwa kifupi. Baridi inatudanganya. Ukipanda juu mita 1,000, mionzi inayounguza inaongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo anayetetemeka hapa anaweza kuwa anapigwa zaidi ya anayetoka jasho pwani. Weusi wa ngozi unatukinga na mengi, lakini madoa yaliyoachwa na vipele yanakolezwa na jua. Kofia, na losheni ya kinga namba 30 kwa anayeweza. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai. Saratani ya ngozi inawaondoa mapema. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni ya kinga kwa ajili yao. Mwenye mtoto wa aina hiyo nyumbani asiondoke leo bila kuniona.

Turudi kwa kijana wetu, ambaye mkono wa kulia aliupaka dakika kumi zilipotimia. Futa mikono yote kwa tishu. Sasa pitisha ukucha taratibu kwenye mgongo wa kiganja, kulia kisha kushoto. Inua mikono, wote waone. Kulia, mstari mweupe. Kushoto, hauonekani vizuri. Kopo ni lile moja, mtu ni mmoja, na kiasi kilikuwa punje ya maharage kila upande. Asante, ndugu, kakae.

Maswali. Mzee pale ameuliza kama kwa umri wake kuna haja. Mzee wangu, wewe ndiye mwenye haja kuliko hawa, kwa sababu ngozi ikizeeka inapunguza kutengeneza ule udongo. Paka mara mbili kwa siku, na miguu usiisahau.

Kuna karatasi imeletwa haina jina. Imeandikwa: "Nina miezi mitano napaka tyubu ya vipele kila siku, nikiacha siku mbili uso unawaka moto. Niitupe leo?" Wewe uliyeandika, usiitupe leo. Uliyoyasikia kuhusu dereva wangu yanakuhusu, na najua yamekuogopesha. Uso uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla unaweza kulipuka kwa wiki kadhaa, na wengi hapo ndipo wanapoirudia. Inabidi daktari akupunguzie hatua kwa hatua. Kuanzia usiku huu acha wembe, acha sabuni ya mche, paka vaselini kwenye uso wenye unyevu. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo famasi, tyubu uje nayo mkononi. Nitafunga kaunta nikupeleke kliniki mwenyewe.