Kipa aliyefungwa tisa akageuka kocha

Oyaa wanangu wa Mtwara, mambo vipi! Wazee wa Ligula shikamooni, mama najua unaangalia kwenye simu ya dada, shikamoo mama, mimi mzima kabisa. Leo nipo nje ya uwanja wa hoki hapa Montreal, ule mpira wa magongo wa kwenye barafu, wanavaa viatu vya visu. Baridi imeshakula nusu ya chaji kwa hiyo naongea fasta.

Si mnakumbuka nilikuwa kipa mchangani Shangani, goli mawe mawili, tukapigwa saba na kocha hanitoi? Basi huku kuna mwamba anaitwa Patrick Roy, wenyewe wanatamka Rwa, alikuwa kipa wa Montreal Canadiens, kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi yao, kabeba nao 1986 na 1993, na alikuwa anaongea na milingoti ya goli utadhani shemeji zake. Tarehe 2 Desemba 1995 wapo nyumbani na Detroit, kale kampira kagumu bapa kama kisahani wanakaita paki, sio ya gari, kameingia mara tisa ndo kocha anamtoa. Tisa! Kadaka moja laini mashabiki wakampigia makofi ya kejeli, naye akanyanyua mikono juu. Ikaisha 11-1. Kutoka tu kampita kocha, kamfuata rais wa timu pale nyuma ya benchi, kamwambia hii ndo mechi yangu ya mwisho Montreal. Siku nne tu kashauzwa timu ya Colorado, Marekani, 1996 kabeba kombe. Mimi zile saba zilinipeleka kwa bibi kubangua korosho, vidole vikababuka mafuta, nalia kimya kimya.

Kastaafu 2003 na ushindi wa mechi 551 za ligi, kaenda kufundisha madogo wa Quebec Remparts, kabeba nao Memorial Cup, kombe la vijana, 2006 na tena 2023. Katikati hapo akawa kocha wa Colorado, 2014 tuzo ya kocha bora, na Januari 2024 Islanders wa New York wakamchukua.

Ila sikia hii, hoki inaruhusu kumtoa kipa uongeze mshambuliaji, na makocha wengi enzi hizo walisubiri dakika ya mwisho. Rwa alikuwa anamtoa zimebaki kama tatu! 2014 Colorado yake na Minnesota, goli lake liko wazi kabisa, wakasawazisha zimebaki sekunde 13, wakashinda muda wa nyongeza.

Kocha wangu wa Shangani kama unaniona, shikamoo, ila zilipofika tatu si ungenitoa tu mzee wangu... eeh simu hii inazi