Fenoli Haipimwi kwa Macho

Wafugaji wa Njoro, Bahati na Rongai, habari za asubuhi. Tuongee juu ya lile beseni la dawa mlangoni pa banda la nguruwe.

Ile harufu ya lami ni ya kresoli, ndugu yake fenoli. Fenoli ndiyo daktari wa upasuaji Joseph Lister aliyoitumia kwenye vidonda huko Glasgow, Uskoti, mwaka 1865. Hutoboa utando wa bakteria na kugandisha protini zake, kama yai linavyoganda likichemshwa. Uchafu kidogo hauizimi upesi kama unavyozima klorini, ndiyo maana inafaa mabandani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Ukiipunguza fenoli nguvu kwa nusu, muda wa kuua viini hauwi maradufu tu. Huongezeka karibu mara 64. Kazi ya dakika 1 inakuwa ya zaidi ya saa nzima, na nani atasimama saa nzima na gambuti ndani ya beseni? Kwa hiyo mvua ikiingia humo, mwageni mchanganye upya. Mwageni shimoni, mbali na kisima, si kwenye mtaro unaoteremka ziwani, kwa sababu huua samaki.

Kwa kresoli ya sabuni, mililita 600 katika mchanganyiko wa lita 20 ni 3 kwa mia. Tangulizeni maji, kisha dawa, isiwarukie machoni. Pimeni kwa jagi lenye alama. Soli isuguliwe kwa brashi kwanza. Kinyesi kilichokauka, dawa haikipenyi. Maji ya kisima yasiyotoa povu huikata sabuni ile, basi tumieni ya mvua.

Haiui mbegu za kimeta. Msiichanganye na klorini. Msiitumie mnapokamulia, maziwa hushika harufu. Paka nao ini lao haliwezi kuiondoa mwilini, wasipite sakafu ikiwa bado mbichi.

Ikikumwagikia ikiwa haijachanganywa, ngozi hugeuka nyeupe na kufa ganzi. Huoni uchungu, unaendelea na kazi, nayo inapenya hadi kwenye damu. Vua nguo papo hapo, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Kitambaa chenye unyevu hakitoshi, huitandaza tu. Mtoto akiinywa, msimtapishe, maana ikirudi huunguza koo mara ya pili. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe, lebo ikiwa bado juu yake.