Kibuyu cha Olinalá: nakshi ya kukwangua

Mabibi na mabwana, mmea wenyewe mnaujua: ni mmumunye huu huu unaotupa vibuyu vya maziwa na kata za kuchotea maji. Tofauti inaanzia Olinalá, mji wa milimani katika jimbo la Guerrero, kusini mwa Meksiko. Huko tabaka la rangi husuguliwa mpaka likashikamana na ganda.

Kibuyu kikavu hukatwa, hutolewa mbegu na nyuzi, kisha ganda hulainishwa mpaka kidole kisikwame popote. Ndipo yanaingia mafuta ya chia, mmea wenye mbegu ndogo. Mbegu hizo za chia hukaangwa kavu, husagwa, hukandwa kwa maji ya moto na kukamuliwa. Kwa nini chia? Mafuta yake yakipigwa na hewa hugeuka utando mgumu. Ya nazi hayakauki kamwe.

Mafuta hupakwa membamba sana, juu yake hunyunyizwa tesicalte, yaani jiwe jeupe la jamii ya chokaa lililosagwa, pamoja na rangi. Unasugua kwa jiwe laini, unaongeza unga, unasugua tena, hadi unga uyanywe mafuta yote na uso uanze kung'aa. Mafuta yakizidi, tabaka huteleza na kukunjamana. Yakipungua, unga hupukutika. Kisha huachwa siku kadhaa, likauke barabara.

Sasa tuje kwenye rayado, yaani kukwaruza, na kwangu hapa ndipo ufundi ulipo. Juu ya tabaka la kwanza, tuseme jekundu, huwekwa la pili, jeusi. Kabla halijakauka, fundi hushika unyoya wa bata mzinga uliochomekwa mwiba kwenye ncha ya shina lake, akachora ukingo wa sungura, ua, jani. Rangi ya juu iliyo nje ya mchoro hukwanguliwa, wekundu ukachomoza. Tazameni sikio la sungura huyu: pitisha kidole, utahisi ameinuka kidogo kuliko uwanja unaomzunguka. Fundi akiwahi kukwangua, kingo huvurugika. Akichelewa, tabaka hubanduka vipande vipande.

Olinalá wana pia dorado, maua ya kuchorwa kwa brashi. Jina linatokana na dhahabu iliyotumika zamani.

Uruapan, jimbo la Michoacán, hufanya kinyume. Huko mafuta huchanganywa na aje, nta laini itokayo kwa wadudu wanaochemshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa. Fundi huchimba umbo la ua kwenye tabaka lililokauka, hulijaza rangi moja, husubiri ikauke, ndipo achimbe umbo la rangi inayofuata.