Kuhuisha Leseni ya Udalali wa Nyumba California: Saa 45 na Tarehe Isiyosogea

SALMA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Leo tuko na nyinyi mnaouza na kupangisha nyumba huko California, na leseni zenu zinakaribia kuisha. Kaka Omari, tuanzie wapi?

OMARI: Tuanzie kwenye tarehe, dada Salma, maana tarehe inaumiza watu kuliko masomo. Leseni ya California inadumu miaka 4, iwe ya broka au ya ajenti anayefanya kazi chini ya broka. Siku ya mwisho utaiona hata ukitafuta jina lako kwenye tovuti ya idara ya jimbo inayosimamia kazi hii, ile tunayoiita DRE. Saa sita usiku ya siku hiyo ikipita hujawasilisha maombi, leseni imekwisha. Hakuna siku za huruma.

SALMA: Hapo lazima tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalosemwa vibaya kila mahali. Watu wanaambiana, "Usihangaike, una miaka 2 ya ziada." Miaka 2 ipo, ni kweli. Lakini ni muda wa kuhuisha leseni iliyokwisha bila kurudi kwenye mtihani. Si muda wa kufanya kazi. Leseni ikishaisha huruhusiwi kuonyesha mteja nyumba, kujadili bei kwa niaba yake, wala kuchukua tangazo jipya la mauzo.

OMARI: Na kamisheni ya kazi uliyoifanya katika kipindi hicho?

SALMA: Huna pa kuidai. Ukienda mahakamani kudai kamisheni, sheria ya California inataka uthibitishe kwamba ulikuwa na leseni wakati haki ya kudai ilipozaliwa. Na broka anayekulipa kwa kazi hiyo naye anavunja sheria. Zaidi ya hapo, kufanya kazi hii bila leseni ni kosa la jinai: faini hadi dola 20,000, au jela ya kaunti hadi miezi 6, au vyote viwili.

OMARI: Upande wa broka ni mzito zaidi. Leseni ya broka ikilala, maajenti wote walio chini yake wanasimama, hata kama leseni zao wenyewe zimebakiza miaka 3. Kwa hiyo wewe ajenti usitazame tarehe yako tu. Tazama na ya broka wako, iko wazi kwa kila mtu mtandaoni.

SALMA: Na miaka hiyo 2 ikipita?

OMARI: Haki zote za leseni zimepotea. Unaomba upya na kufanya mtihani upya, kama mtu ambaye hajawahi kuuza hata kibanda.

SALMA: Sasa upande wa nafuu. Dirisha la kuhuisha linafunguliwa siku 90 kabla ya leseni kuisha. Na ukiwasilisha maombi kwa nia njema kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho, ada ikiwa imelipwa na masomo yamekamilika, sheria inakuruhusu kuendelea na kazi hata kama idara haijamaliza kuyashughulikia, mradi hawajakuarifu vinginevyo. Ila neno ni "kamili". Maombi yenye ada pungufu au saa pungufu hayakupi kinga hiyo.

OMARI: Ada zilipanda tarehe 1 Julai 2024, kwa hiyo tupeni ile karatasi ya zamani mliyobandika ofisini. Ajenti akihuisha kwa wakati analipa dola 350, akichelewa dola 525. Broka kwa wakati ni dola 450, akichelewa dola 675. Ukihesabu, uchelewaji wa siku moja unamgharimu ajenti dola 175, na bado hajasoma hata saa moja ya ziada.

SALMA: Haya, masomo. Kila anayehuisha anatakiwa awe na saa 45 za masomo ya kujiendeleza, yaliyoidhinishwa na DRE. Kila mtu anaijua namba hiyo. Wanachokosea ni mchanganyiko. Mtu anakuja na saa 45 kamili na bado anakataliwa.

OMARI: Tuzipange basi. Anza na ajenti anayehuisha kwa mara ya kwanza.

SALMA: Mara ya kwanza anahitaji kozi nne, kila moja saa 3, kila moja peke yake: maadili ya kazi, uwakala, utunzaji wa fedha za amana, na udhibiti wa hatari. Hizo ni 12. Anaongeza saa 3 za makazi bila ubaguzi na saa 2 za upendeleo uliojificha, yaani ule ambao mtu anao bila kujitambua. Tumefika 17. Kisha angalau saa 18 za ulinzi wa mlaji. Sasa ni 35. Zile 10 zilizobaki anaweza kuzijaza kwa ulinzi wa mlaji au huduma kwa mlaji, apendavyo.

OMARI: Hapo kwenye "ulinzi" na "huduma" ndipo wengi wanapoteleza. Kozi ya ulinzi inahusu sheria na kanuni zinazomkinga mteja: mikataba, mikopo, ufichuzi wa kasoro za nyumba. Ya huduma inahusu ubora wa kazi yako kwa mteja, kwa mfano matumizi ya teknolojia ofisini. Unaweza kuwa na saa 28 za hiari zenye majina mazuri, kumbe 20 kati yake ni za huduma. Umebaki na 8 za ulinzi, pungufu ya 10. Kabla ya kununua, soma kundi la kozi lililotajwa kwenye kibali chake, usisome jina lake.

SALMA: Broka wa mara ya kwanza anaongeza saa 3 za uongozi na usimamizi, ndani ya zile zile 45. Na kuanzia mara ya pili mambo yanakuwa mepesi kwa wote: kuna kozi moja ya muhtasari ya saa 9 inayogusa mada zote saba za lazima, pamoja na usimamizi. Ukiichukua hiyo, unabakiwa na 36, na kati ya hizo 18 ziwe za ulinzi wa mlaji.

OMARI: Mtu wa mara ya kwanza haruhusiwi kutumia ile ya saa 9. Tunalirudia kwa sababu vifurushi vya kozi vinauzwa bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja, bei zinalingana, na macho yanakimbilia kile chenye mada chache.

SALMA: Kuna kosa jingine la vifurushi. Sheria ya SB 263, iliyopitishwa mwaka 2021, ilileta mabadiliko kwa wanaohuisha kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Ndiyo iliyoleta saa 2 za upendeleo uliojificha, na ikataka kozi ya makazi bila ubaguzi iwe na sehemu ya kuigiza: unakaa upande wa mteja, kisha upande wa ajenti. Ajenti aliyeacha kazi kitambo akarudi na vyeti vya mpangilio wa zamani, hana mada hizi.

OMARI: Kozi hii ya makazi bila ubaguzi binafsi naitetea. Wako wanaoiona kama saa za kupitisha tu, na mimi naona ndiyo inayogusa watu wetu moja kwa moja. Tangu tarehe 1 Januari 2020, sheria ya California inamkataza mwenye nyumba kumkatalia mpangaji eti kwa sababu sehemu ya kodi yake inalipwa na vocha ya serikali. Familia nyingi za wakimbizi zinaanza maisha na vocha hizo. Ajenti anayeandika kwenye tangazo "hatupokei vocha" amevunja sheria, hata kama maneno ni ya mwenye nyumba na yeye ameyanakili tu.

SALMA: Na anayesema, "Mtaa huu utawafaa, kuna Waafrika wengi"? Anasema kwa upendo kabisa.

OMARI: Kwa upendo, lakini ni kumwelekeza mteja mtaa kwa kufuata asili yake, na sheria ya shirikisho ya makazi ya mwaka 1968 inakataza hilo. Mwonyeshe nyumba zote zinazolingana na fedha zake na mahitaji aliyokutajia. Mtaa atauchagua mwenyewe.

SALMA: Kozi ya fedha za amana nayo isikimbiliwe. Mteja akikupa hundi ya arubuni, wewe ajenti unamkabidhi broka mara moja, au unaipeleka mahali anapokuelekeza, kama kwa wakala wa eskro, yaani mtu wa kati anayeshika fedha hadi mauzo yakamilike. Broka ana siku 3 za kazi kuiweka panapostahili, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu hundi ishikwe hadi ofa ikubaliwe. Na haruhusiwi kuchanganya fedha zake na za wateja, ila hadi dola 200 za kulipia makato ya benki. Kwetu tumezoea fedha kupita mkono hadi mkono, mshenga anashika, shangazi anashika. Kazini huku hairuhusiwi, hata kwa usiku mmoja.

OMARI: Turudi kwenye muda. Nyingi ya kozi hizi zinasomwa mtandaoni, na kila moja ina mtihani wa mwisho. Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Ukianguka, unarudia mara moja kwa maswali tofauti. Ukianguka tena, unajiandikisha upya na kuisoma kozi yote. Lakini kanuni inayowakamata watu ni hii: huruhusiwi kumaliza mitihani ya zaidi ya saa 15 za masomo ndani ya saa 24.

SALMA: Kwa hiyo saa 45 ni mafungu matatu.

OMARI: Mafungu matatu, na kati ya fungu na fungu saa 24. Aliyeanza Jumapili jioni na leseni inaisha Jumatatu usiku amekwama, hata awe na akili namna gani. Mtambo wenyewe utamzuia. Ushauri wangu: siku ile dirisha la siku 90 linapofunguka, vyeti vyote viwe tayari mkononi.

SALMA: Mapema kiasi hicho ni sawa, ila masomo yawe ya ndani ya miaka 4 iliyotangulia siku unayohuisha. Kwa aliyechelewa hesabu hii inauma: akichelewa mwaka mzima, kozi alizosoma katika miezi ya mwanzo ya leseni yake zimeshatoka nje ya miaka 4, na anazisoma tena.

OMARI: Siku yenyewe ya kuhuisha, unaingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa DRE unaoitwa eLicensing. Weka mezani vyeti vyote. Kila cheti kina namba ya kozi ya tarakimu nane, nne za mtoa mafunzo na nne za kozi, pamoja na tarehe uliyomaliza na idadi ya saa. Unaziingiza moja moja, unajibu maswali, unalipa kwa kadi. Ukikosea tarakimu moja, umetaja kozi nyingine kabisa. Anayependa karatasi, ajenti anatumia fomu RE 209, broka RE 208, na masomo yanaorodheshwa kwenye RE 251. Mimi sioni sababu ya kutumia posta siku hizi.

SALMA: Vyeti usivitupe baada ya hapo, DRE inaweza kuviomba. Na hapa niseme kuhusu majina. Wengi wetu tuna majina matatu, na tunayapanga tofauti kila ofisi: huku la babu mwisho, kule la baba. Unapojiandikisha kwenye kozi, andika jina kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi, na namba ya leseni yako.

OMARI: Wazee wetu je?

SALMA: Aliyefikisha miaka 70 na amekuwa na leseni yenye sifa njema kwa miaka 30 mfululizo, anasamehewa masomo. Anaomba kwa fomu RE 213. Ada analipa kama kawaida. Masharti yote mawili yatimie. Miaka 75 na leseni ya miaka 20 haimsaidii.

OMARI: Na mwenye malimbikizo ya matunzo ya mtoto, jina lake likiwa kwenye orodha ya jimbo, anapewa leseni ya muda ya siku 150 tu. Ndani ya siku hizo amalizane na ofisi ya matunzo ya kaunti yake. DRE yenyewe haina uwezo wa kumfuta kwenye orodha.

SALMA: Wasikilizaji wa Houston na Seattle watauliza kama haya yanawahusu. Kila jimbo na sheria yake. Texas leseni ni ya miaka 2, na baada ya kuhuisha mara ya kwanza ni saa 18. Jimbo la Washington pia ni miaka 2, na baada ya kuhuisha mara ya kwanza ni saa 30. Na California haina makubaliano ya kutambua leseni za jimbo lolote, kwa hiyo kuhama hakuhamishi leseni.

OMARI: Jambo moja kabla hatujafunga. Ukishalipa, usiishie kwenye risiti. Baada ya siku kadhaa tafuta jina lako kwenye ukurasa wa umma wa DRE na utazame vitu viwili: tarehe mpya ya mwisho, na jina la broka wako. Ukiona herufi NBA, maana yake una leseni lakini huna broka uliyeunganishwa naye, na bado huruhusiwi kufanya kazi. Aliyehuisha kwa kuchelewa hasa ndiye ahakikishe hapo. Mpigie broka aingie kwenye mfumo wake athibitishe kukuajiri, na usimpeleke mteja kuona nyumba hadi jina la broka lionekane.